Maua ya Viazi

Agosti, Njombe. Ukifungua mlango
baridi inatangulia, wewe unaifuata.
Nilipopanga vyumba viwili hapa Melinze
kuta zilikuwa nyeupe, weupe wa zahanati,
na mwangwi uliniitikia kila nilipokohoa.

Sikuwa na fedha ya seti ya makochi.
Nilikuwa na Jumamosi,
na macho yasiyojua kupita
mbele ya kitu kilichochakaa.

Mnadani nikapata chupa ya chai ya bati,
ya enzi za Wachina waliotandika reli kule Makambako
(ndivyo alivyoniapia muuzaji, na muuzaji huapa),
ubavuni ua jekundu, petali moja imebanduka.
Haitunzi joto tena.
Inatunza maji, na mayungiyungi matatu ya mferejini.

Nikapata pazia: shuka la mitumba,
pindoni mtu wa ng'ambo ametarizi herufi zake,
E na K.
Simjui. Nimempa jina la huku, Eusebia Kilasi.
Kila asubuhi namsogeza kando
jua lipite.

Wifi yangu Blandina alikuja kutoka Dar
na maua ya plastiki kwenye mfuko unaong'aa.
"Haya hayanyauki."
Kweli, wifi, hayanyauki.
Yako juu ya kabati, yanapokea vumbi kwa uaminifu.
Kisha akaona kopo la maziwa ya unga,
ndani yake maua meupe yenye koo la manjano
niliyochuma kinyunguni kwa jirani, kwa ruhusa.
"Ya viazi! Mwisho utatuwekea ya maharage!"
Nikamwambia, msimu wake ukifika.

Lakini nilitaka kusema habari za meza.

Ni ya mninga, miguu minne, mmoja mfupi,
nimeukingia kipande cha kandambili.
Iliuzwa Kibena, vitu vya marehemu,
ikapanda toroli hadi kwangu.
Juu yake duara jeusi:
sufuria iliyotuliwa na mwenye haraka.
Fundi alitaka kuipiga randa.
Nikamzuia, sijui kwa nini.
Ndani ya mtoto wa meza kulikuwa na karatasi:
chumvi
kiberiti
uzi mwekundu
viatu vya F., ikibaki

Nikaiacha humo. Nyumba ngeni inahitaji
mtu wa kuipangia matumizi.

Filotea Mligo huniletea maziwa kila alfajiri,
nusu lita, hupokelea shukrani kizingitini.
Siku ile umande ulikuwa mzito, nikamwambia ingia.
Hakukaa. Hakutazama pazia wala maua.
Aliweka kiganja juu ya duara
kikaenea kama kifuniko.

"Kwa hili nilichapwa," akasema.
"Uji ulikuwa unaniunguza mikono."

Nikamwambia ichukue, ni yako.
Akacheka. Kwangu itapita mlango upi?
Akaomba jambo moja tu, tuigeuze,
kwa sababu kwao duara lilikuwa likitazama dirisha.
Tukainyanyua, yeye kule, mimi huku.
Kandambili ikabaki sakafuni,
tukairudia.

Ndipo nikavuta mtoto wa meza
nikampa karatasi.
Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.
Nilitaka kumuuliza kama ilibaki.
Miguu yake ilikuwa ndani ya mabuti ya mpira,
tope la bondeni hadi kwenye kifundo.
Akaikunja palepale ilipokunjwa zamani,
akairudisha, akasukuma taratibu,
kama mtu anavyofunga chumba chenye aliyelala.

Maziwa ya kesho yake yalikuja na tawi la mwati,
manjano tele, chavua hadi kwenye kifuniko cha ndoo.
Hakusema ni la nini.
Nami sikuuliza,
nikaanza kutafuta chombo.